Flopi iliyotikisa seva mwaka 2015

Wengi wenu hamjawahi kutumia flopi. Hata mimi nilizikuta zimelala kwenye droo. Lakini kivuli cha flopi kiliwakosesha usingizi wenye seva mwaka 2015.

QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard, huigiza tarakilishi nzima ndani ya tarakilishi nyingine. Ili mfumo ulio ndani uamini kwamba uko kwenye mashine halisi, huigiziwa hata vifaa vya kizamani, kikiwemo kidhibiti cha flopi. Xen, KVM na VirtualBox zilitumia msimbo huohuo.

Kidhibiti hicho kina bafa ya baiti 512. Kila baiti ikiingia, namba ya nafasi inaongezwa moja. Amri ikikamilika, namba inarudi sifuri. Ndivyo ilivyotakiwa. Kwa amri mbili, kurudi huko kulichelewa au kulirukwa kabisa. Basi mgeni angeendelea kumimina baiti mpaka zivuke 512 na kufuta kumbukumbu ya QEMU yenyewe. Mashine pepe kuanguka ingekuwa nafuu! Mjanja angeweza kupenya hadi kwenye seva mwenyeji, na humo kuna mashine za wateja wengine. Na kumbuka, anayekodi mashine pepe ndiye bosi ndani yake.

Jason Geffner wa CrowdStrike ndiye aliyeligundua. Lilitangazwa tarehe 13 Mei 2015 kwa jina VENOM, na lilikuwemo tangu 2004. Miaka 11! Mimi nilikuwa bado shule ya msingi.

Dawa yake? Mistari michache tu. Kabla ya kuandika, gawanya namba ya nafasi kwa 512, uchukue baki. Haijalishi nani alisahau kurudisha sifuri, huwezi kutoka nje ya bafa.

Kazini nikiweka ukaguzi wa namna hii huwa naambiwa, "Ya nini? Hiyo haiwezi kutokea." Nami sibishani sana, ila siuondoi.

Kilichonichekesha ni wasimamizi waliokuwa wamezima flopi mapema, wakajua wamesalimika. Kwenye Xen na QEMU, kosa jingine lisilohusiana na hili liliuacha msimbo ule ukifikika hata flopi ikizimwa. Wao pia walilazimika kuweka kiraka.