Pumzi ya Gari katika Nyanda za Juu

Kapseret ni sehemu ya Uasin Gishu iliyo kusini mwa mji wa Eldoret, na ndiko uliko Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret. Nchi hiyo imeinuka kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Pumzi moja ya Kapseret ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano, ikilinganishwa na pumzi ya Mombasa. Wenyeji wa nyanda hizo wameizoea hali hiyo. Mwaka 1968 Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500 katika Jiji la Mexico, lililoinuka vilevile, na wakimbiaji wa nchi za tambarare wakabaki nyuma yake wakitweta. Mwili wa binadamu hujifunza mahali unapokaa. Injini ya zamani haikuweza kujifunza, ilimngoja fundi.

Injini huishi kwa kuvuta hewa na kutoa moshi. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa, huhitaji kilo 14.7 za hewa. Katika zama za kabureta, kipimo hicho kililindwa na jeti, yaani kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli. Gari lililopangwa pwani, likipanda hadi Uasin Gishu, lilipata hewa haba ilhali petroli haikupungua kwa kadiri ile ile. Matokeo yake yalikuwa moshi mweusi, plagi zilizojaa masizi na nguvu kupungua. Dawa yake ilikuwa kutia jeti yenye tundu dogo zaidi na kusogeza mbele kidogo wakati wa cheche. Naam, kila chombo na mawimbi yake.

Elimu hiyo ilipata uwanja mkubwa wa majaribio mwaka 1953, yalipoanzishwa mashindano ya magari ya Safari kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Magari yalipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka iliyofuata njia ziliteremka hadi pwani na kupanda hadi nyanda za juu katika shindano moja. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Katika safari za namna hiyo injini yenye nguvu haikutosha. Ilitakiwa injini iliyopangwa kwa busara.

Mafundi wa mashindano, huku na ng'ambo, walijua pia kwamba moshi usiotoka vizuri huizuia hewa mpya kuingia. Kwa hiyo waliliondoa bomba fupi la chuma cha kusubu lililotoka kiwandani, wakafunga heda, yaani mabomba marefu, moja kwa kila silinda, yanayokutana mbele. Mabomba hayo yakiwa na urefu uliopimwa vema, moshi unaotoka kwa kasi katika silinda moja husaidia kuuvuta moshi wa silinda nyingine. Lakini pumzi ikibadilika, kipimo cha petroli nacho hubadilika. Anayefunga heda bila kuipanga injini upya amefanya nusu ya kazi.

Wakati huo huo palikuwa na jambo lingine lililofichika ndani ya moshi. Mwaka 1921, huko Marekani, Thomas Midgley aligundua kwamba risasi ikichanganywa na petroli huzuia injini isigonge. Petroli hiyo ikaenea ulimwenguni, na sumu ya risasi ikaenea pamoja nayo, ikidhuru hasa ubongo wa watoto. Mfaransa Eugene Houdry, aliyehamia Marekani, alibuni chombo cha kusafisha moshi, akapata hataza mwaka 1956. Chombo hicho, ambacho mafundi hukiita katalisti, kilikutana na adui: risasi huyafunika madini yaliyomo ndani yake na kuyaua. Ilibidi petroli itakaswe kwanza. Ndipo magari ya Marekani ya mwaka 1975 yalipoanza kufungwa katalisti kwa wingi. Zile za kisasa hutumia platinamu, paladi na rodi kugeuza gesi zenye madhara kuwa kaboni dayoksaidi, mvuke wa maji na naitrojeni.

Afrika ilichelewa. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar wakaazimia kuiacha petroli ya risasi, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, likaisimamia kazi hiyo. Kufikia tarehe 1 Januari 2006, Kenya na jirani zake zilikuwa zimeiacha. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikapunguza pia salfa katika mafuta. Mwaka 2021 Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, ikaiacha petroli ya risasi katika magari.

Basi yafaa kijana anayetaka kuliongezea gari lake nguvu aifahamu historia hii. Injini ya leo ina kompyuta na kihisi cha oksijeni, nayo hujirekebisha yenyewe inapopanda mlima. Lakini uwezo wake una mpaka. Heda ikivuja kabla ya kihisi, hewa ya nje huidanganya kompyuta, nayo huongeza petroli isiyohitajika. Petroli ikizidi, katalisti hupata joto kupita kiasi mpaka huyeyuka ndani. Kwa hiyo fundi mwangalifu hufunga, hukagua mivujo, hupima moshi, kisha ndipo hurekebisha.

Wako wanaoikata katalisti na kuitupa, au kuiuza kwa ajili ya madini yake, wakitumaini kupata mbio zaidi. Faida wanayoipata ni ndogo, tena haiwezi kuirudisha ile sehemu ya tano ya hewa iliyopungua kwa sababu ya mwinuko. Hasara humwangukia mtoto aendaye shule kando ya barabara, ambaye hakuulizwa. Ilichukua nusu karne, tangu hataza ya Houdry hadi mwaka 2006, kumpatia mtoto huyo hewa safi zaidi. Msumeno huweza kumnyang'anya kwa dakika chache. Ufundi wa kweli ni ule unaoipa injini pumzi bila kuikata pumzi ya jirani.