Mi Familia ya kwetu Kisondela

Juzi usiku nimeitazama kwa mara ya tatu filamu ya My Family ya Gregory Nava, ile ya mwaka 1995. Jennifer Lopez yumo, kabla hajawa staa. Ndiye Maria, mama mjamzito anayekamatwa Los Angeles na kutupwa Mexico wakati ni raia wa Marekani. Wadau, hilo si la kutunga. Miaka ya 1930 mamia ya maelfu ya watu walisukumwa hivyo, raia wengi wakiwemo, na jimbo la California likaomba radhi kwa sheria mwaka 2005.

Nikawaza kwetu. Los Angeles yetu Wanyakyusa ilikuwa machimboni: kwanza dhahabu ya Lupa kule Chunya, halafu shaba ya Zambia, halafu Johannesburg. Waliokwenda Johannesburg walichukuliwa na Wenela, wakala wa makampuni ya migodi.

Kilichowasukuma ni kodi, na ng'ombe. Kwetu bila ng'ombe huoi, na ng'ombe ni wa baba. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930 na mumewe Godfrey, aliandika kitabu kizima kuhusu vizazi vyetu, For Men and Elders (1977). Zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, wakasubiri siku ambayo baba zao watawakabidhi madaraka kwa sherehe. Sasa kijana anarudi na fedha yake mfukoni, sanduku la bati begani. Atamsubiri nani tena? Kwa maoni yangu hapo ndipo wazee walipoanza kupoteza, si kwa wamisionari kama tunavyopenda kusema.

Lakini tofauti na filamu, kwenda Johannesburg hakuvuka mama na mtoto mgongoni. Mwanamume alikwenda peke yake, kwa mkataba, akalala kompaundi na wanaume wenzake. Familia ilibaki huku kwenye migomba.

Babu yangu mdogo aliondoka Kisondela miaka ya 1950. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika ikasitisha watu kuchukuliwa kwenda huko kwa makaburu. Wengi walirudi, yeye hakurudi. Mwenzake aliyerudi alisema walipoagana alikuwa mzima. Bibi mdogo akakataa kilio kisiwekwe. Kwa Mnyakyusa, mtu kukosa kilio si jambo dogo!

Huyo mwenzake alirudi na kikohozi, akafa nacho. Mwaka jana mjukuu wake alinishika mkono pale stendi ya Tukuyu: "Wewe ni mwandishi, hebu tuulizie zile fidia za Sauzi." Nikaulizia. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya kama randi bilioni 5 kwa wachimbaji wa dhahabu walioumwa mapafu kwa vumbi la mawe, na familia za waliokufa. Ila wanahesabiwa waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Babu yake alikwisharudi miaka mitatu kabla.

Nilimpigia simu kumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ndaga, akaniuliza kama na wa kwetu naye nimemtafuta kwenye hayo majina.

Sijamtafuta. Bibi mdogo yuko hai bado.