Umulkheri: dada mkubwa na deni la wazee katika riwaya ya Chozi la Heri

Riwaya ya Chozi la Heri, iliyoandikwa na Assumpta K. Matei na kutolewa Nairobi mwaka 2014, ina mizizi katika historia ya Kenya ya karibuni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Katika ulimwengu huo wa moshi na hema ndimo anamokulia Umulkheri, dada mkubwa wa Dick na Mwaliko.

Ni desturi kumsifu Umulkheri kuwa msichana mvumilivu mwenye bidii ya masomo. Sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo, yafaa kuuliza: kwa nini mtoto alazimike kuvumilia kiasi hicho? Baba yake, Lunga, anapoteza kazi kwa kutetea afya ya raia. Kisha anahamishwa kutoka Msitu wa Mamba, jambo linalokumbusha kuondolewa kwa wakazi wa Msitu wa Mau. Mama, Naomi, anaondoka. Lunga anafariki. Mwishowe Sauna, mtumishi wa nyumbani, anawaiba wale wadogo wawili. Katika misiba hiyo yote, hakuna hata mmoja uliotokana na kosa la Umulkheri. Misiba hiyo ilianzia ofisini, katika ardhi na katika tamaa ya watu wazima.

Wala hakuokoka kwa nguvu zake peke yake. Hazina, kijana wa mitaani aliyewahi kusaidiwa naye, anamlipa wema kwa wema. Mwangeka, ambaye mke na mtoto wake waliteketea katika ghasia, anamfanya binti yake pamoja na Apondi. Katika Shule ya Tangamano, Umulkheri anasikiliza masaibu ya Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, akatambua kwamba kilio chake si cha pekee. Kwa hiyo elimu, katika riwaya hii, si cheti tu. Ni mahali ambapo huzuni hupata lugha na mwenye kuisikia.

Kenya ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, na kuanzia mwaka 2008 serikali ikalipia gharama za mafunzo katika sekondari za umma. Lakini sera haimpi yatima kitanda wala mlezi. Pengo hilo Matei analiziba kwa undugu usio wa damu.

Dada na ndugu zake wanaonana tena, na chozi linakuwa la heri. Msomaji wa Goma au Bukavu, anayewajua wasichana waliolea wadogo zao tangu vita vya 1996, ataifurahia heri hiyo. Asisahau tu kwamba kumsifu dada kwa kubeba mzigo hakumwondolei deni yule aliyemtwisha.