Taarikhi ya Majina Katika Diski za Kompyuta za Nyumbani

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958, katika ardhi iliyohesabiwa zamani kuwa ya Mbarara na ambayo leo ni ya wilaya ya Isingiro, nayo yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Tangu walipofika wakimbizi kutoka Rwanda, na baada yao ndugu wa Kongo, Burundi na Somalia, maisha ya mgeni makazini yamekuwa yakianza kwa jina lake kuandikwa. Jina likiandikwa kombo, mwenyewe hupata taabu katika posho, katika shule ya watoto, na hata katika kuthibitisha kuwa mke wake ni mke wake. Kwa hiyo watu wa Nakivale na Mbarara wana haki, labda kuwashinda wengi, ya kuijua taarikhi ya chombo kilichokuja kuchukua mahali pa daftari, yaani diski ya kompyuta, na jinsi watu wa mwanzo walivyohangaika kuyapanga maandishi yao ndani yake.

Kompyuta za nyumbani zilienea Marekani, Ulaya na Japani baina ya mwaka 1977 na 1990. Afrika Mashariki zilifika chache mno. Tanzania ilikwisha kupiga marufuku kuingiza kompyuta tangu mwaka 1974, na Uganda ilikuwa vitani mpaka mwaka 1986. Huko zilikotumika, maandishi yalihifadhiwa kwanza katika kaseti kama zile za nyimbo, na mwenye kutafuta faili moja ilimpasa kuupeleka utepe mbele na nyuma mpaka achoke. Diski iliondoa adha hiyo, kwani ina fihirisi yake inayoonyesha kila faili limelala wapi.

Lakini fihirisi zile zilikuwa na nafasi ndogo. BBC Micro ya mwaka 1981, kwa mpango wake wa kwanza wa diski, ilikubali faili 31 tu kwa upande mmoja, na jina lisizidi herufi 7. Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa karimu zaidi, ikakubali faili 144 na herufi 16. Mashine zilizofuata mipango ya CP/M na MS-DOS zilitoa herufi 8, kisha nukta, kisha herufi 3 za kuonyesha aina ya faili.

Ama herufi nane hazitoshi kwa majina ya Waislamu. Mathalan karani ana faili mbili, moja ya Abdurrahman na moja ya Abdurrahim. Kila moja akilikata kwa herufi nane, hubaki ABDURRAH, na watu wawili wamekuwa mtu mmoja. Akilinakili faili la pili katika diski yenye lile la kwanza, mashine haikumwuliza neno. Ililifuta la kwanza kimyakimya na kuliweka la pili mahali pake. Amri ya kunakili ya MS-DOS haikuanza kumwuliza mwenyewe kabla ya kufuta mpaka toleo la 6.2, mwaka 1993. Ni ajabu kwamba jambo jepesi hivyo lilingojewa zaidi ya miaka kumi.

Waarabu nao walikuwa na shida yao ya pili. Huko Kuwait, Mohammed Al-Sharekh aliasisi kampuni ya Sakhr mwaka 1982, akazitia Kiarabu kompyuta za mpango wa MSX uliotoka Japani, na mwaka 1985 ikatoka programu ya Qur'ani Tukufu kwa kompyuta. Kazi hiyo ni miongoni mwa zilizompatia Tuzo ya Mfalme Faisal mwaka 2021. Lakini zama hizo watengenezaji walizipa herufi za Kiarabu nambari zisizolingana, hata ukurasa uliosomeka vizuri katika mashine hii ukawa takataka katika mashine ile. Mapatano ya Unicode, yaliyoanza kutolewa mwaka 1991, ndiyo yaliyoleta nambari moja kwa wote.

Wenye busara hawakuitegemea mashine. Kila diski waliibandika karatasi yenye nambari, na pembeni waliweka daftari la kawaida lenye majina kamili. Diski ya inchi 5¼ waliiziba pengo la ubavuni kwa kipande cha karatasi ya gundi ili isiandikwe tena. Ile ya inchi 3½ ilikuwa na kidirisha cha kusogeza kwa kazi hiyo hiyo. Siku hizi wahifadhi huinakili diski nzima, pamoja na fihirisi yake, ikawa faili moja, maana sumaku hufifia na ukungu hula. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, zilizopigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, nyingine zina zaidi ya miaka mia na wino wake ungali unasomeka. Diski ya mwaka 1985 ni bahati ikifunguka.

Mwaka 2018 serikali ya Uganda na UNHCR waliwahakiki wakimbizi wa nchi nzima, wa Nakivale wakiwemo, kwa alama za vidole na mboni za macho. Vitabu vilikuwa vikionyesha kiasi cha milioni 1.4, waliohakikiwa hadi mwisho wa Oktoba walikuwa kiasi cha milioni 1.1.