Saa 24 za kwanza: sheria inavyomkuta kijana wa mtaani

Kwa kijana wa Kisauni, Likoni au Majengo, sheria mara nyingi huja usiku. Lori la polisi husimama kando ya maskani, vijana wakapakiwa, na muda si muda simu za wazazi zikaanza kulia. Nyumbani swali huwa moja tu: ni shilingi ngapi? Mimi naona swali hilo huulizwa mapema mno, kwa sababu kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kimeshazipanga saa hizo za mwanzo.

Anayekamatwa lazima aambiwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. "Utajua mbele ya safari" si sababu. Ana haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine anayeweza kumsaidia. Halazimishwi kukiri. Afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, zisipite saa 24; zikiisha wakati korti imefungwa, basi ni siku ya korti inayofuata. Hapo ndipo msako wa Ijumaa jioni unapouma. Saa 24 zinaisha Jumamosi jioni, hakimu yuko Jumatatu, na kijana mwenye bodaboda ya mkopo anadaiwa marejesho ya kila siku hata akiwa korokoroni.

Kipo kijisehemu cha pili cha kifungu hicho hicho ambacho sijakisikia kikitajwa barazani hata siku moja. Kinasema mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6. Makosa mengi ya msako ni ya kiasi hicho. Ulevi wa hadharani, kwa mfano, kifungo chake hakizidi miezi 3.

Kuhusu pesa, tuelewane. Bondi ni ahadi ya kurudi, hailipiwi. Dhamana ya pesa taslimu hutolewa kwa risiti, na hurudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa alifika kila alipoitwa. Pesa isiyo na risiti ina jina lake, na mzazi analijua.

Linalonisumbua zaidi ni lile la asubuhi kortini. Vijana wamelala vibaya, wana njaa, na mmoja aliyewahi kupita hapo anawanong'oneza: "Kubalini tu, mlipe faini, mwende zenu." Mama naye nje anaomba hivyo hivyo: "Mwanangu, kubali tuondoke." Kukubali kosa ni kuhukumiwa kuwa na hatia, na kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, aliyekiri hawezi kukata rufaa kupinga hatia yenyewe; kinachobaki ni kulalamikia adhabu tu. Halafu siku anapotaka kazi ya ulinzi, udereva au kwenda Ghuba, anaombwa cheti cha tabia njema. Anakwenda kutoa alama za vidole, nazo hulinganishwa na rekodi za makosa. Faini ya asubuhi moja inaweza kumfungia mlango wa Saudia au Qatar. Asiyeelewa shtaka aombe lisomwe tena, na asiyefahamu lugha ya korti ana haki ya mkalimani bila malipo.

Aliye chini ya miaka 18 ana ulinzi wake. Katiba inataka kumzuilia mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa, tena kwa muda mfupi na mbali na watu wazima. Na Sheria ya Watoto ya 2022 haimhesabii kosa la jinai aliye chini ya miaka 12. Kwa kuwa mtoto hana kitambulisho, mzazi aende kituoni na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mabishano ya umri huisha hapo.

Ukifika kituoni, ulizia nambari ya OB na jina la afisa aliyemkamata mtoto wako. Malalamiko dhidi ya polisi hupokelewa na IPOA, na mashirika ya hapa Mombasa kama MUHURI na Haki Africa yamezoea kesi hizi. Uandike pia saa aliyokamatwa, kwani hesabu ya zile 24 huanzia hapo.