Masurufu ya Mwanafunzi: Wazee wa Visiwani na Gharama za Elimu ya Juu

Historia ya elimu ya juu katika visiwa vya Unguja na Pemba aghalabu huandikwa kwa kufuata sheria, majengo na viongozi. Hutajwa mwaka chuo kilipofunguliwa, idadi ya waliohitimu na serikali iliyotoa fedha. Hesabu moja husahauliwa, nayo ni ya chakula, malazi, nauli na nguo za mwanafunzi aliye mbali na kwao. Watu wa pwani wana neno la hesabu hiyo: masurufu, ndilo lile lile la fedha za matumizi zinazoachwa nyumbani msafiri anapoondoka. Mlipaji wa ada amebadilika mara nyingi katika karne moja iliyopita. Masurufu, mengi au machache, hayakupata kuondoka mikononi mwa wazee.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko vyuo vikuu vyenyewe. Katika chuo cha Riyadha cha Lamu, kilichokuzwa na Habib Swaleh mwanzoni mwa karne ya 20, wanafunzi walitoka mbali, na elimu haikuuzwa. Hata hivyo mwanafunzi alikula na kulala, na mzigo huo uligawanywa baina ya mwalimu, majirani wa msikiti, mali ya wakfu na wazee wa kijana. Hivyo ndivyo ulivyojengeka mgawanyo ambao watu wa mwambao waliuona kuwa wa haki: elimu ni ya Mungu na haina bei, bali tumbo la mwanafunzi lina wenyewe.

Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi na kufungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ilileta elimu ya namna nyingine, lakini mgawanyo ule ulibaki. Vijana wa Unguja waliopelekwa huko walikuwa wachache, na wengi wao walisaidiwa na serikali ya wakati huo. Safari yao ilikuwa ya bahari hadi Mombasa, kisha ya gari la moshi, kwani reli ilikuwa imefika Kampala mwaka 1931. Msaada wa serikali haukuwa na sanduku la nguo, wala koti la baridi ya Uganda, wala fedha za mkononi za njiani. Hizo zilikuwa juu ya baba, na baba asiye na mshahara wa mwezi alitazama mikarafuu au minazi yake. Kwa hiyo, hata pale ambapo kiti cha masomo kilipatikana kwa akili ya mtoto, aliyeweza kukikalia alikuwa mara nyingi mtoto wa karani, wa mwalimu au wa mwenye shamba.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalikusudia kuuvunja mlango huo. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure visiwani, na skuli zikafunguliwa kwa watoto ambao wazee wao hawakuota kuziingia. Hapana shaka hatua hiyo ilibadili sura ya jamii. Lakini visiwani hapakuwa na chuo kikuu, na hapakuwa nacho kwa zaidi ya miaka thelathini iliyofuata. Aliyefuzu alilazimika kuvuka maji: kwenda Dar es Salaam, ambako chuo kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 1961 na kuhamia Mlimani mwaka 1964, au kwenda Cairo, Moscow, Berlin ya Mashariki na Peking kwa msaada wa nchi hizo.

Katika zama za Azimio la Arusha mwanafunzi wa Mlimani alikuwa mtoto wa taifa. Alilipiwa masomo, alilishwa, alipewa chumba na posho. Mwalimu Nyerere aliwataka wasomi wakumbuke kwamba wanakula jasho la wakulima, na Oktoba 1966, walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, karibu wanafunzi 400 walirejeshwa makwao. Katika mabishano yale mkulima alitajwa kama mlipa kodi. Hakutajwa kama baba. Ilhali mkulima huyo huyo, akiwa Wete au Makunduchi, alikuwa akilipa kwa mkono wa pili: nauli ya meli wakati wa likizo, viatu, na kikapu cha samaki wakavu, makopa na achari kilichopelekwa Dar es Salaam kwa mkono wa abiria anayejulikana. Kilikuwa kitu kidogo ukilinganisha na ada, lakini kilitoka katika nyumba isiyo na akiba.

Ni katika miaka ya mwanzo ya 1990 mzigo ulipobadilika uzito. Serikali ya Muungano, ikiwa imebanwa na madeni na masharti ya wakopeshaji, ilianza hatua kwa hatua sera ya kuchangia gharama. Kwanza wanafunzi walitakiwa kujitolea nauli na malipo ya kujiandikisha. Kisha chakula na malazi vikaingizwa katika hesabu, na utaratibu wa mikopo ukafuata. Sera hiyo iliwakuta watu wa visiwani katika wakati mbaya, kwani bei ya karafuu ilikuwa imeporomoka tangu miaka ya 1980 na shirika la serikali lilikuwa mnunuzi pekee. Mkarafuu wenyewe hauna mwendo wa karatasi za chuo. Huzaa sana mwaka mmoja, kisha hupumzika miaka kadhaa. Masomo ya miaka mitatu hudai chakula kila siku. Wala si kila mwenye shamba aliweza kuliuza. Eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi hazikuwa za kuuzwa kisheria, hivyo kilichobaki ni kuuza mazao, ng'ombe, au miti yenyewe kwa wale walioirithi.

Hapo ndipo fedha za akina mama zilipoingia katika historia hii. Mama wa kisiwani alikuwa na dhahabu yake, mali ambayo kwa sharia mume hana haki nayo, na kwa sharia hiyo hiyo matunzo ya mtoto ni wajibu wa baba. Bangili iliyouzwa ili mtoto ale Dar es Salaam ilikuwa basi zawadi iliyozidi wajibu, na kwa sababu hiyo haikuandikwa wala kudaiwa. Wengine walicheza upatu, wakiomba zamu yao iangukie mwezi wa kufungua chuo. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, Paje, Jambiani na Bwejuu, kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara mwaka 1989 kiliwapa wanawake fedha zao wenyewe. Kazi hiyo hufuata bamvua. Maji yakiwa mafu hakuna kuingia baharini. Mnunuzi naye hulipa bei ndogo, na aina ya mwani yenye thamani zaidi imekuwa ikifa kwa kuongezeka kwa joto la bahari. Hata hivyo sare za skuli, na baadaye masurufu ya chuo, yalitoka katika kamba hizo.

Kule Mlimani, mwanafunzi aliyekosa chumba au fedha ya chumba alilala kwa mwenzake, desturi iliyopata jina lake: kubebana. Wengine walikaa kwa ami au shangazi, Ilala au Magomeni. Ukarimu huo uliokoa wengi, lakini haukuwa bure. Methali ya mgeni na jembe inajulikana, na mwanafunzi aliyekula kwa watu alifua, alipika na kulea watoto kabla ya kufungua kitabu, hasa akiwa msichana. Masurufu yaliamua pia nani asome nini. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, kilitoa malazi, posho na nauli. Kijana aliyetaka uhandisi lakini akapata nafasi ya huko, mzee wake alijua ipi ataimudu.

Sheria ya mwaka 2004 ilianzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, na kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano, Wazanzibari nao waliomba huko. Zanzibar ikaunda bodi yake mwaka 2011. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi waliibatiza bumu, iliondoa dhiki kubwa ilipofika. Ilipochelewa, simu ililia nyumbani. Agizo la kwamba mzazi abebe asilimia 40 ya ada lilizusha mgomo Dar es Salaam mwaka 2007. Mwaka uliofuata huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Tanzania, na kikapu cha melini kikapata mshindani: mzee wa Micheweni aliweza kutuma shilingi elfu kumi asubuhi, zikaliwa mchana.

Vyuo vilivyofunguliwa visiwani, cha Tunguu na cha Chukwani mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilichoanza kufundisha mwaka 2001, vilipunguza mzigo huu zaidi ya mkopo wowote, kwa sababu mtoto wa mjini Unguja alilala kwao na kula chungu cha kwao. Mtoto wa Pemba hakupata nafuu hiyo kwa kipimo sawa. Bado alivuka maji na kutafuta dakhalia au jamaa. Na Pemba ndiko zinakotoka karafuu nyingi zilizolisha hazina ya visiwa vyote viwili.

Mikopo ina daftari. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, makato ya mkopaji yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wake. Deni la wazee halina daftari, lakini lina wadai wengi, wakiwamo ndugu. Mti uliouzwa kwa ajili ya mmoja ulitoka katika urithi wa wote, na ndiyo sababu aliyehitimu kwanza alitarajiwa kuwasomesha wadogo zake. Wengi walitimiza. Wako walioshindwa, kwa kukosa kazi au kwa mshahara kumalizwa na makato, na majumba yakaingia unyonge usiosemwa. Kwa hiyo anayeandika kwamba elimu ya juu ya visiwani ilikuwa bure, kisha ikawa ya kuchangia, ameandika historia ya ada tu. Kwa upande wa masurufu uchangiaji ulikuwapo tangu mwanzo, na waliochangia zaidi ni wale ambao majina yao hayamo katika orodha ya chuo chochote.