Vitamini C za Kuyeyusha: Zinasaidia Nini, na Ngapi Ni Nyingi Sana?

Baridi ya Julai ikishika Nairobi, utapata ule mkebe wa vitamini C za kuyeyusha kwa maji kwa keja za wasee wengi. Kuna mwenye anakunywa asubuhi, lunch na jioni, juu "si ni vitamini tu?" Poa, lakini shika rada kwanza.

Mwili unahitaji ngapi?
Mwanaume mzima ni miligramu 90 kwa siku, mwanamke 75. Mjamzito ni 85, anayenyonyesha 120. Kama unavuta fegi, ongeza 35. Sasa soma mkebe wako: nyingi huwa na 1,000 kwa tembe moja.

Inasaidia nini?
Inatibu kiseyeye, inasaidia vidonda kupona, na inasaidia mwili kuvuta madini ya chuma kutoka kwa ndengu na maharagwe.

Na homa? Kwa watu wengi, haizuii. Ukiimeza kila siku, homa ya wiki moja inaweza kupungua kwa kama nusu siku. Kungoja mpaka uanze kupiga chafya ndio umeze haijaonekana kusaidia.

Ikizidi je?
Kiwango cha mwisho kwa mtu mzima ni miligramu 2,000 kwa siku. Ukipita hapo, tumbo linaanza kukusumbua: kichefuchefu, kuumwa, kuendesha. Nyingine unaikojoa tu, yaani chapaa yako imeenda na maji. Mbaya zaidi, dozi kubwa zinaweza kuchangia mawe kwa figo, na hayo maumivu si mchezo.

Uliza daktari kwanza kama:
- Una shida ya figo, au umewahi kupata mawe.
- Mwili wako hujaza madini ya chuma kupita kiasi.
- Una upungufu wa G6PD.
- Unapima sukari nyumbani. Dozi kubwa inaweza kudanganya mashine.
- Unatibiwa saratani.

Uko na presha? Angalia lebo, juu tembe za kuyeyusha mara nyingi huwa na sodiamu.

Njia ya bei rahisi
Pera moja tu linaweza kukupea zaidi ya miligramu 100, na chungwa kama 70. Ongeza hoho na sukuma, ila usiichemshe sana, moto huua vitamini C. Ukila hivyo kila siku, huo mkebe huenda hata hauuhitaji.